Nyuki Walionifuata Bafuni

Mara ya kwanza walikuja saa sita mchana, jua liko utosini na ule upepo wetu usiokoma umekata ghafla. Nilikuwa bafuni. Bafu letu liko uani, kuta za mabua ya mtama, juu wazi. Nilikuwa nimemaliza kujiosha kwa maji ya chumvi, nikainama kuchukua kanga, nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayeguna mbali. Kugeuka, nyuki wametua kwenye ukingo wa beseni, wamebanana, wanakunywa maji niliyotoka kujioshea. Hawakuniuma. Afadhali wangeniuma, ningepiga kelele yakaisha. Walikunywa tu, polepole, na wengine wakaanza kutambaa kwenye paja langu palipokuwa na unyevu. Nikasimama pale uchi, sipumui, najiuliza hawa wadudu wamefuata nini kwangu.

Mimi ni mtu wa Unyambwa, pale pembeni ya mji wa Singida. Nimekulia kwenye alizeti na kuku, mambo ya nyuki nimeyakuta ukweni. Mume wangu anatoka kijiji cha upande wa Itigi, kwenye ukoo wa warina asali. Baba yake alirina, babu yake alirina, na yeye anaingia porini kwenye mizinga, anakaa kambini wiki kadhaa, anarudi na madumu ya asali amefunga kwenye pikipiki. Akiwa nyumbani anakaa siku chache, anauza, anakwenda tena. Nilimpenda. Nalisema mapema ili mtu asidhani niliolewa kwa kuburuzwa.

Kwenye ukoo wao kuna utaratibu, na mama mkwe alinifundisha hata kabla mikono yangu haijaisha hina. Mume akikaribia kurudi, mke anajisafisha. Si kuoga huku kwa kila siku. Unachemsha maji, unatia chumvi ya mawe, unajiosha ndani kwa vidole mpaka usikie kuwaka. Kisha unachuchumaa juu ya kigae chenye makaa na magome ya mti wa porini, moshi ukuingie. Akishafika, unafanya hivyo kila baada ya kulala naye, asije akarudi mizingani na harufu ya mwanamke.

"Nyuki wanajua," mama mkwe aliniambia. "Wanajua kitandani kwenu kuna nini. Mke akiwa mchafu, wanamgeukia mumewe, au wanahama. Na wewe mwenyewe usikanyage kwenye mizinga. Hakuna mwanamke wa nyumba hii aliyewahi kukanyaga, hata mimi."

Nikasema sawa, mama. Ningesema nini? Mgeni kwenye nyumba ya watu, unaambiwa pakiti ya chumvi hii hapa, kigae kile pale. Nikafanya.

Sasa sikia ugonjwa wangu ulivyokuwa, maana mpaka leo nikiukumbuka mwili unanisisimka. Ulikuwa unajua ratiba ya mume wangu. Akiwa porini, niko mzima kabisa, nalala, nalima, nacheka. Akirudi, zinapita siku mbili tatu, nao huo umeingia. Kwanza muwasho. Kisha uchafu wa rangi ya kijani kijani, una povu. Kisha harufu, ya samaki aliyesahaulika, na ilizidi kila tukitoka kulala pamoja. Mkojo unachoma. Akiondoka, unapungua wenyewe taratibu, kana kwamba umepanda pikipiki nyuma yake. Nilifika mahali nikisikia ule muungurumo wake unakata kona ya shule, nakimbilia bafuni hata kabla hajafika mlangoni. Mke gani anaogopa pikipiki ya mume wake?

Sikumwambia mtu. Nilichofanya ni kile nilichofundishwa: nilijiosha zaidi. Chumvi nikaongeza. Kadiri nilivyojiosha, ndivyo harufu ilivyorudi na nguvu mpya, nami nikawa nazunguka na kanga mbili kiunoni, nakaa mwisho wa mkeka, sisogei karibu na watu. Kanisani nilikaa karibu na mlango, upepo unichukulie.

Mimba ya kwanza ikatoka. Ilikuwa changa, tumbo halijaonekana, lakini mimi nilishaanza kuongea nayo nikichota maji. Mama mkwe alinihudumia vizuri, siwezi kumsingizia. Alinipikia uji wa ulezi, akafua zile nguo kwa mikono yake. Kisha akaketi pembeni yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninajisafisha kweli au ninamdanganya.

Baada ya hapo ndipo nyuki walipoanza. Kilikuwa kiangazi kikali, vichaka vimekauka hadi vinalia ukivigusa. Siku ile ya beseni nilidhani ni bahati mbaya. Kesho yake wakarudi, saa ile ile, wengi zaidi. Nikamwaga maji, wakatua pale pale kwenye tope. Nikienda kuanika nguo, wanazunguka zile nguo zangu za ndani, wanaacha kanga, wanaacha shuka. Nilikuwa nikiingia bafuni tu, nainua uso angani kwanza, na huko juu kwenye kile kipande cha mbingu naona vidoa vinashuka.

Mama mkwe aliwaona. Hakunigombeza. Alitikisa kichwa, akaingia ndani, na kule kunyamaza kwake kulinikata maini kuliko tusi.

Kisha likaja lile kundi. Mchana kweupe tulisikia uvumo unatokea upande wa barabara, kivuli kikapita uani, na kundi zima likatua kwenye fremu ya mlango wa chumba chetu. Si mlango wa mama. Si jikoni. Chumba chetu. Wakajibandika pale, wananing'inia kwa pamoja, wanapumua. Nakuapia walikuwa wanapumua, lile rundo linavimba na kunywea. Majirani wakawaingiza watoto ndani. Mama mkwe akavua kandambili, akasimama mbele yao, akaanza kusema nao kwa Kigogo. Kigogo changu ni cha kuombea maji, lakini nilielewa. Alikuwa anawaomba radhi kwa niaba yangu.

Walikaa mpaka jioni ilipokaribia, wakaondoka wenyewe. Mume wangu alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anaziba dumu lililotoboka, akatazama mlango, akatazama mama yake, akaendelea kuziba. Nilimuuliza, "Baba, hawa wanataka nini?" Akajibu, "Mambo ya nyuki ni marefu." Basi. Mambo ya nyuki ni marefu! Mtaani wakaanza kuninong'ona, kwamba mke wa mrina asali ana mwanamume wa nje, nyuki wamemuumbua. Kisima nikikaribia, wanawake wanamaliza haraka. Na mimi mwenyewe, aibu yangu hiyo, nilianza kuamini kuna kitu ndani yangu. Si ugonjwa, kitu. Chenye masikio, kinachomsubiri mume wangu na kuwaita nyuki.

Nikiwa kwenye hali hiyo nikashika mimba ya pili.

Hii sikuongea nayo. Niliogopa kile kitu kisisikie. Nilitembea kama nimebeba yai kwenye kijiko, na kila nikienda chooni nachungulia kanga kama kuna damu. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: huyu asitoke. Nikamwambia mume wangu twende kliniki, maana mahudhurio ya kwanza wanataka mje wawili, wote mpimwe. Akasema kuna mizinga haijakaguliwa. Akanishauri nikachukue barua kwa mwenyekiti wa kijiji, iandikwe kwamba mume amesafiri. Wanawake wengi kwetu wanabeba barua ile. Mwenyekiti aliniandikia huku mume wangu yuko nyumbani anakunywa chai.

Nesi wa kituo cha afya alikuwa mtu wa kufoka. Aliisoma barua, akaitupa mezani. "Kijiji kizima wanaume wamesafiri. Nani aliwapa mimba, upepo?" Lakini aliponipima, ukali ukamwisha. Akaniuliza unajiosha na nini.

Nikamwambia. Chumvi, moshi, yote. Hata nyuki nikamwambia, huku nalia.

"Nyuki siwajui," akasema. "Hiki ninachokiona hapa nakijua. Umebabuka ndani. Sikiliza, mdogo wangu. Sehemu hiyo ina uchachu wake na vijidudu vyake vizuri vya ulinzi. Inajiosha yenyewe, kama mdomo unavyojitengenezea mate. Wewe unawafukuza walinzi kwa chumvi. Halafu mwenzako anakuja bila kinga. Mbegu zenyewe zinapunguza ule uchachu, na kama kuna ugonjwa ameutoa huko alikotoka, unakuta nyumba haina mlinzi na milango imevunjwa. Unaingia unavyotaka."

"Lakini yeye haumwi. Hana hata muwasho."

"Ndiyo balaa lenyewe. Mwanamume anaweza kubeba ugonjwa wa zinaa hana dalili hata moja. Anakuletea, anaondoka, anakuletea tena."

Kwa hiyo kile kilichokuwa kinapanda pikipiki na kurudi nayo kilikuwa na jina, na kilikuwa kinabebwa na mtu ninayemtandikia kitanda. Nesi akaendelea. Akasema maambukizi hayo yanaweza kupanda kwenye mji wa mimba, mtoto akatoka, akazaliwa kabla ya wakati, au akaambukizwa macho akizaliwa akapofuka, na mwanamke mwingine mirija inaziba asizae tena. Akasema na virusi vya Ukimwi vikija vinapita kirahisi kwenye vidonda kama vyangu. Damu yangu siku ile ilikuwa salama, namshukuru Mungu. Akanipa vidonge vyangu na vya mume wangu. Vyote vimezwe mpaka viishe, chumvi ikome, moshi ukome, na tusikutane kabisa mpaka wote wawili tumalize. Baada ya hapo, kondomu, mpaka yeye aje apimwe.

Nilirudi nimeshika vile vidonge kifuani. Mume wangu alivipokea, akavitazama, akasema atameza. Nikamuuliza kesho yake, "Umemeza?" Akajibu, "Nimemeza." Nikamuuliza tena, akachukia. Akaenda zake porini. Mimi nikapona. Jamani, nilivyopona! Niliamka asubuhi sinuki. Nilisogea katikati ya mkeka. Chumvi niliiacha kimya kimya, mama mkwe nikimwonyesha beseni la maji matupu, na ajabu ni kwamba nyuki hawakuja tena. Nikadhani dawa imewafukuza.

Akarudi. Nilikuwa na boksi la kondomu chini ya godoro, akacheka, akasema hajaona mtu anayekula pipi na ganda lake, kwani yeye si amemeza dawa? Nikamwamini. Siku ya tatu, muwasho. Siku ya nne, ile harufu. Na tumbo langu sasa lilikuwa linacheza, mtoto anageuka. Nilikaa kitandani mchana, mlango wazi, nikawa nasikia pumzi yangu tu, na wazo moja linazunguka: kimerudi, na safari hii kimemkuta mtoto ana vidole.

Siku ile ile akaja mteja wa asali kutoka Singida mjini. Wakaketi uani na mume wangu. Mama mkwe alikuwa karibu nao na ungo wake, anapepeta mtama. Mimi niko jikoni nachambua mlenda, kichwa kinauma. Mteja akauliza, kiangazi hiki chote, mnawazuiaje nyuki wasihame? Mume wangu akafurahi, anapenda kuulizwa kazi yake.

"Maji," akasema. "Unawawekea maji kwenye kigae, unatia na chumvi kidogo. Nyuki kiangazi wanatafuta chumvi kufa na kupona. Ukimwaga hata maji ya kuoshea nyama, utawaona wanakuja mpaka mlangoni."

Kisu kikaniponyoka. Nilitoka jikoni nikiwa na mlenda mkononi, na sijui nilionekanaje, maana yule mteja alisimama.

"Rudia," nikamwambia mume wangu.

"Nirudie nini?"

"Hapo pa chumvi. Rudia, mama asikie."

Akajifanya hamnazo. Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwangu kabla wala baada. "Ulikuwa unajua! Mimi naombewa radhi kwa nyuki mchana kweupe, naitwa malaya kisimani, wewe umekaa kwenye kigoda unaziba dumu, na unajua ni chumvi! Na vile vidonge, ulimeza? Mtazame mtoto wako tumboni uniambie ulimeza!"

Mteja aliaga akiwa ameshaanza kuondoka. Mume wangu akatazama chini, kwenye vidole vya miguu yake.

Ungo wa mama mkwe ulikuwa umesimama hewani. Mtama ulikuwa unamwagika upande mmoja, haoni. Nilimtegemea anirukie mimi, mke mwenye mdomo. Aliweka ungo chini taratibu, akamwuliza mwanawe, "Hilo la chumvi, nani alikufundisha?"

"Mama, ni mambo ya kazi tu."

"Nani?"

"Baba."

"Baba yako alijua?"

"Ndiye aliyenionyesha. Nilikuwa mdogo."

Mama mkwe alikuwa mjane kwa muda mrefu, mzee wake amelala nyuma ya kanisa, na pale uani nilimwona anatazama upande huo huo wa kanisa, midomo inatembea. Sikujua anasema na nani. Kisha akajifunga kanga ya pili, akatafuta kandambili zake, akamwambia mwanawe, "Inuka. Tunakwenda kwa huyo nesi."

Mwanamume mwenye ndevu alisindikizwa kituo cha afya na mama yake, mama anatembea nyuma kama anaswaga mbuzi. Mimi nilifuata. Alipimwa. Ndani ya chumba kile, mbele ya nesi, alikiri kwamba kuna mama anayepikia wanaume kule kambini, na kwamba ni muda wanalala pamoja. Niliumia, sitadanganya kwamba sikuumia, lakini maumivu hayo niliyaweka kando kwanza kwa sababu ya aliyekuwa anacheza tumboni. Nesi akasema yule naye aletwe atibiwe, la sivyo tunachota maji kwa pakacha. Damu ya mume wangu ilikuwa salama kwa siku ile, aje arudie. Mimi nikapewa dawa upya.

Na kila asubuhi, mpaka dozi ilipoisha, mama mkwe alimwita mwanawe mlangoni kwake. Anampa kidonge, anampa maji, kisha anamwambia, "Fungua mdomo." Anamwinamisha, anachungulia chini ya ulimi, kushoto, kulia. Nilikuwa nikiwatazama kupitia dirisha. Hakuna aliyecheka. Yeye mama uso wake ulikuwa mgumu, macho makavu, na yule mwanaume mzima amepanua kinywa kama kinda. Kondomu ikaingia nyumbani kwetu na haijatoka. Ananiambia yule wa kambini alitibiwa. Labda. Mimi sikai tena kusubiri labda.

Mtoto alizaliwa pale pale kituoni, siku zake zimetimia, asubuhi yenye upepo. Alilia kwa nguvu. Nesi akamfuta, akampaka dawa ya macho, akanilaza naye. Mama mkwe akaruhusiwa kuingia. Hakuuliza ni wa kike au wa kiume. Hakuniuliza hali yangu. Alisimama mlangoni, akasema, "Amefungua macho?"

"Mama, ndiyo kwanza anazaliwa."

"Nakuuliza. Amefungua macho?"

Akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, akainama juu ya mtoto mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Akangoja. Mtoto akahangaika, akakunja uso, kisha akafungua. Macho meusi, safi, yanang'aa dawa. Wakatazamana muda mrefu.

"Wangu wengine walitoka kabla ya siku zao," akasema, hanitazami. "Wengine walifika. Lakini macho yalikuwa yamegandana, yamejaa usaha, hayafunguki. Niliambiwa ni harufu yangu. Nikawa ninawaosha macho kwa maji yale yale ya chumvi, wanalia, mimi nawaosha, mpaka wananyamaza." Akamgusa mtoto shavuni kwa mgongo wa kidole. "Katika wote niliowazaa, mume wako peke yake ndiye aliyewahi kuniona."